Shamba la Baba Lilivyorudi

Katika miaka yote niliyokaa Kibera, wifi yangu, mke wa kaka yangu, hakuwahi kuja kwangu. Siku aliyokuja ilikuwa Jumanne asubuhi. Nilikuwa nimetoa cherehani nje, nashona sare kwa sababu shule zilikaribia kufunguliwa, nikamwona akipita kati ya nyumba akiuliza njia. Nilifikiri amekuja kunipa habari ya kifo.

Nilimpa kigoda. Akakataa chai, kisha akaikubali, akaishika bila kuinywa.

"Nyumbani ni wazima?" nikamuuliza.

"Ni wazima. Nimewaambia naenda kliniki, kwa hiyo sitakaa." Akatazama kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani. "Baba amehamishwa. Halali tena kwa ile nyumba ya mawe. Amewekwa kwa stoo ya nyuma, na nyumba imepewa mpangaji, mtu anafanya kazi kiwandani."

"Nani amemhamisha?"

Aligeuza kikombe mkononi. Mzee alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na huyo ndiye mumewe.

"Mimi ndiye nampelekea chakula huko," akasema. "Nikiingia ananiambia, 'Asante, mama watoto, chumba hiki kina joto zuri.' Hakina joto, wifi. Mvua ikinyesha maji yanapita chini ya mlango. Anasema hivyo ili mimi nisione aibu." Kisha akapunguza sauti ingawa jirani zangu hawakuwa karibu. "Na shamba si lake tena. Nimeiona karatasi kabatini. Jina ni la mume wangu peke yake."

Nilimuuliza kwa nini ameamua kuja kuniambia mimi, maana hatukuwa marafiki. 

"Nina vijana watatu," akasema. "Wanaangalia vile baba yao anamfanyia baba yake."

Akaondoka bila kumaliza chai. Sikushona tena siku hiyo.

Shamba lenyewe halikufika hata ekari moja. Liko Kawangware, upande wa Gatina, linateremka polepole hadi kwenye kijito. Baba alilipata wakati mkoloni alipopima mashamba ya watu wetu Wakikuyu na kuwapa hati. Alikuwa fundi wa mawe. Nyumba nyingi za Wazungu zilizo ng'ambo ya mto alizijenga yeye na wenzake, na kila jengo lilipokwisha aliomba mawe yaliyobaki au kuvunjika, akayavuta kwa mkokoteni mpaka nyumbani. Ndiyo aliyojengea nyumba yetu ya vyumba vitatu. Ukiitazama kwa makini utaona hakuna mawe mawili ya rangi moja. Baada ya uhuru watu walipojaa mjini, alijenga nyuma yake vyumba vya udongo na mabati, akapangisha. Wapangaji wetu wengi walitoka upande wa ziwa, na mmoja wao, seremala wa karakana ya reli, ndiye aliyenioa.

Kuolewa kwangu nje ya kabila letu kulimkera Baba. Kwa mwaka mzima hakuniita "mama". Inafaa nieleze hapa kwamba kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na binti wa kwanza jina la bibi yake. Kwa hiyo Baba alimwita kaka yangu "baba", nami akaniita "mama", na halikuwa jambo la mzaha. Ndivyo alivyotuona. Mwaka ule aliponiita kwa jina langu tupu niliumia kuliko kama angenipiga. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alikuja Kibera kwa miguu na jogoo kwapani, akabisha hodi, akasema, "Mama yuko?" Yakaisha.

Jioni mume wangu aliporudi kazini nilimweleza aliyosema wifi. Alivua viatu vyake taratibu kama kawaida yake.

"Ukienda, watasema mimi ndiye nimekutuma," akasema.

"Najua."

"Nenda hata hivyo. Lakini jiulize kwanza kama unaenda kwa ajili ya mzee au kwa ajili ya shamba. Watakuuliza hilo, na ni afadhali uwe umeshajijibu."

 Ukweli ni kwamba sikujua. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja na watoto wanne, na sijawahi kukutana na mtu wa hali hiyo asiyependa kuwa na ardhi.

Kesho yake nilivuka Barabara ya Ngong nikapitia mtaa wa Satellite hadi nyumbani. Stoo ile niliifahamu tangu utotoni. Ndimo Baba alimoweka simiti na vyombo vyake vya kazi. Nilimkuta amekaa kitandani, nyundo na patasi zake zimetundikwa ukutani juu ya kichwa chake. Mtoto wa jicho alikuwa ameshafunika jicho moja lote, na la pili liliona mwanga tu.

"Ni mama?" akauliza kabla sijasema kitu.

"Ni mimi, Baba."

"Keti hapo kwa debe. Watoto hawajambo? Fundi wa reli?"

"Hawajambo. Baba, mbona uko huku?"

"Nyumba ile ni kubwa kwa mtu mmoja. Tangu mama yenu afariki nilikuwa napotea ndani yake."

"Ulisema hivyo wewe, au uliambiwa?"

Alipapasa blanketi akalinyoosha, ingawa lilikuwa limenyooka. Nikamuuliza kama alitia kidole kwenye karatasi yoyote.

"Ya maji," akasema. "Baba alinipeleka mjini, tukatia kidole ili bomba liletwe hapa."

Alikuwa anamsema kaka yangu. Nilitazama nje. Bomba halikuwepo, na mdogo wangu alikuwa anateremka na debe kwenda kuteka maji kwa jirani. Mdogo wangu huyu wa kike alikuwa amerudi nyumbani na watoto wawili baada ya ndoa yake kuvunjika, na Baba alimpa chumba kimoja mwisho wa ua. Aliuza mboga pale stejini Kawangware, mabasi yanaposimama. Nilimfuata. Aliniambia kwamba kaka amempa mpaka mwisho wa mwezi atafute chumba kwingine.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Alisema ni neno la Baba. Nikaogopa kumuuliza Baba nisije nikasikia ni kweli."

Tuliamua kumpeleka mzee mjini, kwenye ofisi ya ardhi. Kaka yangu alikuwa na duka la simiti na misumari huko Kawangware na hakutoka dukani mpaka jioni, kwa hiyo haikuwa vigumu. Mdogo wangu alimwachia jirani mboga zake. Tulimvalisha Baba koti lake la kanisani, tukapanda basi.

Karani aliyetuhudumia alikuwa mtu wa makamo, amevaa sweta la kufumwa, hana haraka. Alituambia kwamba ili tuonyeshwe rekodi ya shamba, mzee aombe kwa fomu. Kwa kuwa Baba hakujua kuandika, alimshika mkono akamgandamiza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Kilitoka kidoa cheusi kisicho na mstari hata mmoja. Akarudia. Kikatoka vilevile.

"Mzee, kidole chako kimefanya nini?"

"Kimesugua mawe miaka arobaini," Baba akasema.

Karani akatabasamu, akaingia ndani. Alikaa sana. Aliporudi na faili, alilifungua mbele yangu maana aliona najua kusoma. Shamba lilikuwa limehamishwa kwa jina la kaka yangu, zawadi kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mwisho wa karatasi, mahali pa sahihi, palikuwa na kidoa cheusi kisicho na mistari.

Karani aliweka fomu yetu kando ya karatasi ile. "Basi ni hiki," akasema. "Hiki hakiwezi kuwa cha mtu mwingine."

Nitasema jambo ambalo sikulisema wakati ule. Nilikuwa natumaini kidole hicho kiwe cha kughushi. Ndani ya basi nilikuwa nimeshamwona kaka yangu kizimbani. Nilipoona kidoa kile nilibaki nikiisoma karatasi tena, na mdogo wangu ndiye aliyemwongoza Baba mpaka kwenye benchi la nje.

Tulikaa pale watatu. Watu walipita na mafaili yao. Baba akasema, "Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Siku ile. Karani alisoma karatasi kwa Kiswahili. Alisema shamba, akasema zawadi. Hakusema maji. Baba alikuwa amenishika bega. Ningeuliza, angeaibika mbele ya watu. Nikatia kidole."

"Lakini uliniambia ni ya maji."

"Yeye ndiye aliyeniambia ni ya maji. Nilitaka neno lake liwe kweli."

Mdogo wangu alianza kulia bila sauti. Mimi nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa kwa mzee, si kwa kaka. Nilitaka kumuuliza kama alitufikiria sisi hata kidogo wakati ule anaogopa aibu ya mtu mmoja.  Lakini alikuwa amefunga vifungo vya koti vyote hadi shingoni na jua lilikuwa kali.

Yule karani alitoka kwenda kula, akatuona bado tuko pale, akasimama.

"Mzee," akasema, "ulisimama mbele ya bodi ya ardhi?"

"Bodi gani?"

Karani aliniita pembeni. Alinieleza kwamba shamba la namna ile haliwezi kuhamishwa bila kibali cha bodi ya ardhi ya tarafa, na kwamba bodi humtaka mwenye shamba afike mwenyewe, pamoja na jamaa yake, aulizwe kama anajua anachofanya. Kwenye faili letu kulikuwa na namba ya kibali. Akaniandikia namba hiyo kwenye kipande cha karatasi. "Mimi sisemi kitu," akasema. "Nendeni tarafani muulize namba hii ni ya nani. Na kabla hamjaenda, wekeni zuio, shamba lisiuzwe wala kuwekwa rehani mkiwa bado mnauliza." Alinionyesha dirisha la kuwekea zuio. Nimemshukuru mtu huyo mara nyingi moyoni, wala sikujua jina lake.

Wiki iliyofuata tulienda tarafani. Kitabu kilifunguliwa. Namba ile ilikuwa ya watu wengine kabisa, ndugu wawili waliogawana shamba lao upande wa juu. Shamba letu halikuwa limefika mbele ya bodi hata siku moja. Mtu fulani wa kuzunguka na mafaili mjini ndiye aliyempa kaka yangu namba ya uongo. Hayo tuliyajua baadaye.

"Uhamisho huu hauna nguvu," karani wa tarafa akasema. "Mkienda kortini mtashinda. Lakini jueni atakayeulizwa hii namba aliitoa wapi ni huyo ndugu yenu. Na hilo ni jambo la jela."

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu akiegemea fimbo. 

Barua ya zuio ilimfikia kaka yangu. Alikuja Kibera saa sita mchana, akasimama mbele ya cherehani yangu. Nilimkaribisha kigoda, hakukaa.

"Umefunga shamba langu."

"Nimefunga shamba la Baba."

"Wewe umeolewa. Shamba lako liko huko ziwani. Nenda ukalime huko."

"Huko nikienda, nalima. Kwa Baba nilienda kwa sababu ya stoo."

"Stoo gani?"

"Ile umemlaza baba yako."

Aliangalia pembeni. "Nani amekuambia mambo ya nyumba yangu?"

"Hakuna haja ya mtu kuniambia. Nina macho. Baba ndiye hana."

Nilifikiri atapiga kelele. Badala yake aliongea polepole, na ndiyo maana maneno yake nimeyabeba mpaka leo. "Wakati ulikuwa unakaa darasani, unajua nani alikuwa anabeba mawe? Ulienda kusoma zile karatasi huko mjini. Kila herufi uliyosoma niliilipia na mgongo wangu. Wewe ulipata kusoma, na huyo mwingine alipata kurudi nyumbani kila alipochoka na mume. Mimi nilipata nini?"

Halikuwa neno la uongo. Wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni alipokuwa akiwakamata watu wetu, Baba alichukuliwa, akawekwa kizuizini miaka kadhaa. Kaka yangu alikuwa na umri wa kama miaka kumi na mbili. Aliacha shule akaenda kwa fundi aliyefanya kazi na Baba, akawa anabeba mawe na kuchanganya simiti, na hicho ndicho tulichokula. Aliposikia natumwa nyumbani kwa sababu ya karo, alienda mwenyewe kuzungumza na mwalimu mkuu, mtoto mwenye simiti kwenye nywele. Mimi nilimaliza masomo ya msingi. Yeye husoma polepole, akifuata kwa kidole.

 Nilisema tu, "Kaa unywe chai." Akaondoka.

Nilienda kwa Baba nikamwambia tutafute wakili. Nilikuwa nimeshazungumza na mmoja aliyekubali tumlipe kidogo kidogo. Baba alikataa.

"Mtu hampeleki baba yake jela," akasema.

"Si baba yako. Ni mtoto wako."

"Ni vyote viwili, mama. Wewe waite wale wazee wawili wa mbari yetu, na mzee wa kanisa. Jumapili, baada ya ibada. Na umwambie baba kwamba nimemwita mimi, si wewe."

Jumapili ile niliazima mabenchi kanisani, vijana wakayaleta, tukayapanga uani. Wazee walikuja wakiwa wamevaa makoti yao. Kaka yangu alikuja mwisho akakaa kwenye ncha ya benchi. Mke wake alileta chai, na kikombe cha kwanza akakitia mikononi mwa Baba, akakishikilia mpaka mzee alipokikamata vizuri.

Kulikuwa na wingu. Mmoja wa wazee wa mbari, aliyekuwa mkubwa kuliko Baba na aliyemsaidia kuinua kuta za nyumba ile, aliangalia juu, akauliza, "Mvua inakuja. Mbona hatuingii ndani?"

 Mzee huyo hakujua kitu, alikuwa anauliza tu. Akarudia, "Ama kuna mgonjwa ndani?"

Kaka yangu ndiye aliyepaswa kusema. "Ndani kuna mpangaji," akasema.

"Mpangaji? Na huyu analala wapi?"

Kaka yangu alionyesha stoo kwa kidevu. Yule mzee alitazama mlango wa mabati, akatazama nyumba ya mawe, kisha akaweka kikombe chake chini ya benchi, hakukigusa tena. Nimehudhuria mikutano mingi ya jamaa tangu hapo, sijaona mtu akikaripiwa kwa namna hiyo.

Baba akaomba kusema. Alisimama akishika bega la mdogo wangu.

"Kabla ya shamba kuna neno lingine," akasema. "Nilipotoka kizuizini nilimkuta huyu mtoto ana mabega ya mtu mzima. Nilikuwa nimemwacha anasoma, nikamkuta anajua kupasua jiwe. Niliona aibu. Sikumwambia asante, kwa sababu baba anawezaje kumshukuru mtoto kwa kuwa baba? Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka yote hii. Leo nasema mbele yenu, baba, asante. Ulitulisha."

Kaka yangu alikuwa anaangalia mikono yake.

"Ungeniomba," Baba akaendelea, "ningekupa sehemu kubwa. Hata leo nitakupa. Lakini si yote. Na si kwa kuniambia ni maji."

Mzee wa kanisa alimuuliza kaka yangu kama ana la kusema. Alisema alitaka kujenga nyumba ya ghorofa upande wa barabara, kwamba wenye kukopesha walitaka shamba liwe kwa jina lake, na kwamba aliogopa mzee akifa shamba litakatwa vipande vipande lisimfae mtu yeyote.

"Kwa hiyo ukanihamisha kabla sijafa," Baba akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri.

Mvua ikaanza. Ilikuwa manyunyu tu, lakini hakuna aliyeinuka. Kaka yangu akasema, "Nitarudisha." Akasema tena kwa Kikikuyu, akimwangalia yule mzee aliyeacha chai. Wazee wakaomba, mkutano ukaisha, nasi tukakimbiza mabenchi ya kanisa yasilowe.

Mpangaji wa nyumba ya mawe alihama mwisho wa mwezi huo. Alikuwa mtu mstaarabu, alisema angehama mapema kama angejua. Mdogo wangu alisugua sakafu, wifi akaleta godoro, na Baba akaingia kwake akipapasa ukuta kwa kiganja. Pale mlangoni alisimama akasema kuna jiwe moja limelegea. Kweli lilikuwa limelegea.

Kurudisha jina kulichukua miezi. Siku ya bodi tulikaa ukumbini tarafani tangu asubuhi, pamoja na jamaa nyingine zilizokuja kuuza au kugawa mashamba. Tulipoitwa tulisimama wote, Baba mbele. Mwenyekiti alimuuliza kwa Kikikuyu kama anajua kilichomleta, naye akaeleza bila kusaidiwa. Shamba lirudi kwake, kisha ligawanywe. Upande wa barabara, ulio mkubwa, uwe wa mwanawe. Katikati pawe pa binti mdogo, na nyumba ya mawe atakayoishi yeye mpaka afe, kisha iwe ya binti huyo. Chini, karibu na kijito, pawe pa binti mkubwa.

Sikuwa najua hilo la mwisho. Niliinua mkono nikamwambia mwenyekiti kwamba sitaki. Nilitaka kila mtu ukumbini, na hasa kaka yangu, aone kwamba sikufanya haya yote kwa ajili ya ardhi.

Mwenyekiti akamtazama Baba. "Binti amekataa, mzee."

"Amepewa jina la mama yangu," Baba akasema. "Mama yangu hawezi kuwa mpangaji kwa watu na mimi nina mahali."

Mdogo wangu aliuvuta mkono wangu chini. "Ukikataa," akaninong'oneza, "kesho kaka atasema hata mimi nilipaswa kukataa." Alikuwa sahihi, na nilitambua kwamba nilikuwa najitafutia sifa tu. Nikasema nimekubali. Kisha mwenyekiti akamuuliza kaka yangu kama anarudisha kwa hiari. Alisema, "Kwa hiari," kwa sauti ya chini, akaambiwa arudie, akarudia. Aliandika jina lake kwenye fomu kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyeandika mara nyingi, na nilipomwona anaiandika herufi moja baada ya nyingine niliangalia dirishani.

Baba aliishi miaka sita zaidi. Hospitalini walimtoa mtoto wa jicho katika jicho moja, akaona tena, si vizuri lakini kiasi cha kututambua. Wakati huo kaka yangu alikuwa ameanza ghorofa yake kwenye sehemu yake. Mzee alikaa nje kwenye kiti, akaitazama siku nzima, jioni akamwita, akamwambia kona ya kushoto imelala, haijasimama wima. Kaka yangu alibisha. Wakaenda wakapima, na kona ilikuwa imelala. Alivunja safu tatu za mawe akazirudia, Baba akiwa amekaa pale pale anamwelekeza, na watu wa stejini wakisimama kuwatazama mzee na mwanawe wakigombana juu ya jiwe.

Mimi na kaka yangu hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Kwa miaka miwili mitatu tulisalimiana msibani na kanisani tu. Kisha mwanawe mkubwa alipofaulu mtihani, kaka alikuja naye Kibera kunishonesha sare ya sekondari. Alileta kitambaa mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai. Nilipomaliza kumpima kijana, kaka aliniuliza ni kiasi gani, nikamwambia hakuna. Akaniambia niache ujinga, akaweka pesa mezani, nami nikazichukua kwa sababu niliona ndivyo anavyotaka.

Kile kipande changu cha chini sikukijenga kwa muda mrefu. Nilipanda sukuma wiki na viazi vikuu. Mume wangu alikuwa akija Jumamosi, anavua viatu vyake taratibu, anapalilia pamoja nami hadi jua linapopungua, halafu tunapita kwa mdogo wangu kumjulia hali kabla ya kurudi Kibera.